Glaida ya balsa ya mita mbili: mbunifu jasiri, kijitabu chenye woga

Hukumu yangu naiweka mbele ili mwenye haraka aichukue aende zake: glaida hii, ndege ndogo isiyo na injini ya kujijengea na kurusha kwa rimoti, ni nzuri kuliko kijitabu chake cha maelekezo. Ukiijenga na kuirusha kama ulivyoelekezwa, utapata kitu kinachoruka, ndiyo, lakini chenye pua nzito, kinachokimbia bila sababu na kisicho na raha mkononi. Ukiwa radhi kukaa nayo na rula, ukapunguza risasi (metali nzito inayowekwa puani) hapa na kukaza waya pale, utabaki na chombo ambacho kingestahili sifa kubwa kuliko zile zilizochapishwa jaladani. Kampuni siitaji jina kwa sababu nina malalamiko nayo kadhaa. Mtu wa mchezo huu ataitambua aina yenyewe bila shida.

Ni ya mita 2 kutoka ncha hadi ncha, bawa lina upana wa milimita 220 katikati, na ncha zimekunjwa kwenda juu. Haina mota wala aileroni, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyolaza ndege upande. Unaiongoza kwa vibao viwili vya mkiani tu, usukani unaogeuza pua kushoto na kulia na eleveta inayoiinua na kuishusha, na kwa bawa lililokunjwa hivyo hiyo inatosha: usukani ukisukuma pua upande mmoja, bawa la nje linakutana na hewa kwa pembe kubwa zaidi, linanyanyuka, na ndege inalala kwenye kona yenyewe. Sevo mbili ndogo za kusogeza vibao hivyo, kipokezi cha rimoti, betri, basi.

Mbao kwanza. Kazi yangu ni useremala, na sanduku lilipofunguka picha za jaladani niliziacha, nikatoa papi na mbavu nikazipima kwa mkono. Balsa hazifanani. Kipande kimoja kinaweza kuwa laini hadi kikabonyea kwa ukucha, jirani yake akawa mzito maradufu, na vyote viwili vikauzwa kwa jina hilo hilo. Aliyechagua mbao za seti hii anaijua kazi. Mbavu zimetoka kwenye ubao laini, ukingo wa mbele umetoka kwenye ubao mgumu zaidi, na papi kuu zinazobeba bawa ni za msonobari, nyuzi zimenyooka mwanzo hadi mwisho. Leza imekata safi, pachache tu palitaka msasa ili tundu lipokee ulimi wake. Mkia ni mwepesi, jambo ambalo wajenzi wengi hawalithamini. Kwenye glaida mkia uko mbali na kitovu cha uzito, pale ndege inaposawazika ukiiegemeza kwa vidole, kuliko ilivyo pua, kwa hiyo kila gramu 1 ya gundi unayoimwaga nyuma itadai zaidi ya gramu 2 za risasi mbele. Huko nyuma paka gundi kwa ncha ya kijiti.

Ujenzi wenyewe sitaueleza. Michoro inasomeka, na aliyewahi kuunganisha droo ataunganisha na bawa hili.

Plastiki ya kufunikia ndiyo sikuipenda. Chini ya pasi inavuta bila usawa, na mbao laini haina nguvu ya kubishana nayo. Mchoro unataka ukingo wa nyuma wa kila ncha ya bawa uinuke milimita 3, ili ncha ikutane na hewa kwa pembe ndogo kuliko shina, pale bawa linapoungana na kiwiliwili. Ndege ikipunguza mwendo kupita kiasi, shina ndilo linaloishiwa kwanza na mbebo, nguvu ya hewa inayoinua bawa, ncha zinaendelea kushika, na pua inashuka kwa utulivu bila bawa moja kuanguka. Nilipomaliza kufunika, ncha ya kushoto ilikuwa na milimita 3 zake. Ya kulia ilikuwa bapa kabisa.

Hilo linarekebishika, ila linahitaji mikono minne. Unashika ncha na kuipinda kupita kidogo pale unapotaka ibaki, mwenzako anapitisha pasi juu na chini hadi mikunjo ya plastiki iishe, kisha unaishikilia vivyo hivyo mpaka ipoe. Mpwa wangu alishika pasi, na alinikumbusha mara nyingi kuliko nilivyopenda kwamba mimi ndiye niliyesema kazi hii ni ya dakika tano. Ipime tena kesho yake, maana plastiki ina tabia ya kurudi ilikotoka. Wapo wanaomaliza upotofu wa namna hii kwa trimu ya usukani kwenye rimoti, kile kitufe cha kusogeza kidogo mkao wake wa kati. Ndege itanyooka, lakini itakuwa inaruka ubavu-ubavu huku ikiburuta hewa, na siku itakapopunguza mwendo kwenye kona karibu na ardhi, ile ncha bapa ndiyo itakayodondoka.

Ulinganifu wa kushoto na kulia kijitabu hakiugusi hata kwa sentensi moja. Ning'iniza ndege kwa nyuzi mbili, moja puani na moja mkiani, uone bawa gani linashuka. Langu lilishuka la kushoto. Kimsumari cha gramu 4 kilichozamishwa kwenye ncha ya kulia kikamaliza shauri.

Sasa tuje kwenye kitovu cha uzito, ambako ndiko ndege hii inakoharibiwa au kutengenezwa.

Kijitabu kinataka kitovu hicho kiwe milimita 62 nyuma ya ukingo wa mbele, yaani asilimia 28 ya upana wa bawa. Kufika hapo ilinibidi nijaze gramu 80 za risasi puani, na ndege ikafika gramu 905 wakati jalada linatangaza 850. Jaribio la kwanza kwa glaida yoyote ni kuitupa kwa mkono juu ya majani marefu, hewa ikiwa imetulia. Unaitupa mlalo, ikikabili upepo mdogo uliopo, ukilenga chini kidogo ya upeo wa macho, kwa mwendo ule ule inaotaka kuruka nao. Ukiitupa kwa nguvu itainuka na utadhani ina kasoro ambayo haina. Ukiitupa polepole itazama, utadhani pia. Kwa milimita 62 hii ilinitaka niinue eleveta milimita 3 ndipo ielee bila kupiga mbizi. Hapo nikaanza kushuku. Mbunifu anayechonga kiti cha mkia, pale mkia unapokaa, kwa usahihi kama huu amekosaje milimita 3?

Jibu linapatikana juu, kwa kipimo cha mbizi. Unaipandisha glaida hadi kimo cha kutosha, unairekebisha iende yenyewe kwa mwendo mmoja bila kuguswa, kisha unasukuma pua chini kiasi cha digrii 30, unaishikilia kidogo ipate kasi, na unaachia mkono. Angalia tu. Pua ikirudi juu kwa ghadhabu, kitovu cha uzito kiko mbele mno. Ikiendelea na mteremko wake na kujiinua taratibu, kwa upinde mrefu, uko mahali pazuri. Ikizidi kuchimba chini, kitovu kiko nyuma mno, na una muda mfupi wa kuvuta fimbo.

Sababu yake ni rahisi ukiifuata. Pua nzito inahitaji mkia uikandamize ndege kwa nyuma ili pua isianguke, na ndiyo kazi ya zile milimita 3 za eleveta. Kani ya hewa hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, mkandamizo wa mkia unakuwa mara nne, lakini uzito wa risasi puani umebaki ule ule. Mkia unashinda, pua inaruka juu, kasi inaisha, pua inaanguka, mchezo unaanza upya. Yangu kwa milimita 62 ilipoachiwa kutoka kwenye mbizi ilipanda na kushuka kama mtumbwi juu ya mawimbi, na kila wimbi lilikula kimo ambacho nilikuwa nimekitolea jasho. Rubani asiyejua sababu ataona inapandisha pua na kuongeza risasi mbele. Kwa muda itaonekana imetulia, kwa sababu amepunguza mwinuko huku trimu ya eleveta ikiwa ile ile. Kisha ataona inazama, ataongeza eleveta, na sasa ana ndege nzito zaidi yenye ugonjwa ule ule.

Dawa ni kutoa risasi kidogo kidogo. Mimi nilitoa vipande vidogo, na kila mara nikairekebisha upya eleveta kwa mwendo tulivu kabla ya kurudia mbizi. Hatua hii ya katikati ndiyo watu huiruka. Ukisogeza kitovu nyuma bila kushusha eleveta, ndege itakuwa inapanda na kushuka kwa sababu ya trimu, na kipimo cha mbizi kitakudanganya. Nilifika milimita 82, ambako pua haikuonyesha tena nia ya kurudi juu. Sikuogopa, ila sikuipenda. Wako wanaopenda ndege inayongoja kuambiwa kila kitu. Mimi nataka inisaidie kidogo inapokuwa mbali na macho yangu hayapambanui tena bawa na mkia. Nikarudi hadi 79, asilimia 36 hivi ya upana, na hapo ndipo ilipobaki. Risasi imeshuka kutoka gramu 80 hadi 30. Ndege ina gramu 855, karibu na zile za jaladani.

Na sasa eleveta. Kwa milimita 79 imelala sawasawa na ubao wa mkia, bila kuinuka wala kushuka. Kiti cha mkia kilichongwa kwa ajili ya kitovu hiki. Aliyechora ndege alijua iruke vipi, na aliyeandika kijitabu akaisogeza mbele kwa milimita 17 za hofu.

Namwelewa. Pua nzito ni salama kwa mgeni: ndege inajirudisha yenyewe, haimshtukizi, na ikianguka inaanguka polepole. Kitovu kilicho nyuma mno siku ya kwanza kinaweza kumaliza kazi ya mwezi mzima kabla mtu hajajua kilichotokea. Lakini ilitosha kuandika mistari miwili: anzia 62, kisha pima kwa mbizi na urudi nyuma. Maarifa haya si mapya. Mwingereza George Cayley alitengeneza glaida ndogo mwaka 1804, na tayari ilikuwa na mkia unaorekebishwa na kizito cha kusogezwa ili kubadili kitovu cha uzito. Miaka zaidi ya 200 baadaye, mimi nauziwa namba moja kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni.

Tofauti angani ni kubwa. Glaida inatafuta hewa inayopanda, na rubani aliye chini anaijua hewa hiyo kwa ishara ndogo: bawa moja linasukumwa juu, mkia unanyanyuka, mwendo unabadilika. Kwa 62 ndege ilikuwa inazimeza ishara hizo. Ilipita kwenye hewa nzuri, ikapandisha pua, ikaipoteza kasi yake, ikatoka upande wa pili bila kusema kitu. Kwa 79 inasema. Bawa la kulia likiinuka, najua hewa iko kulia, nageuza kulekule. Kona nazo zimekuwa nyepesi. Naweka usukani kidogo, nashikilia eleveta kidogo, na inazunguka duara moja baada ya jingine kwa ulalo ule ule. Trimu ya rimoti naisogeza mbonyezo mmoja au miwili mbele ninapotaka kuhama kutoka hewa inayozama, na inaongeza mwendo bila fujo.

Jambo moja lazima liende sambamba na kusogeza kitovu nyuma: eleveta inakuwa kali. Kijitabu kinatoa mwendo wa milimita 20 juu na 20 chini, na kwa 62 huo ulikuwa unavumilika kwa sababu pua nzito inapinga kila kitu. Kwa 79 ni kichaa. Nimeukata hadi milimita 10, na kwenye rimoti nimeweka mpindo wa asilimia 30 ili fimbo iwe laini karibu na katikati. Usukani nimeuacha na mwendo mkubwa kama ulivyo, maana ndio pekee unaoilaza ndege.

Mwendo wa eleveta upunguze kwa njia ya waya kwanza, rimoti baadaye. Kwenye mkono wa sevo nilihamisha waya hadi tundu la ndani kabisa, na kwenye pembe ya eleveta, kile kijimkono chake kinachoshika waya, hadi tundu la nje kabisa. Hapo mwendo unapungua na sevo inatumia safari yake yote, na ulegevu wowote wa sevo unafika kwenye eleveta ukiwa umepunguzwa vilevile. Ulegevu ulikuwepo, na hili ni lalamiko la kweli: waya wa eleveta unapita ndani ya mrija wa plastiki ulioshikwa sehemu mbili tu, puani na mkiani. Katikati unacheza. Ukishika eleveta kwa vidole inasogea milimita 2 bila sevo kugutuka. Jiulize unarekebisha nini kwa trimu ikiwa eleveta yenyewe haijui ilipo. Gundisha mrija kwenye kiwiliwili kila baada ya sentimita 10 kabla hujafunika upande wa juu, kwa sababu baadaye mkono hauingii. Sevo zikiwa katikati na trimu za rimoti zikiwa sifuri, nyoosha usukani na eleveta kwa kukaza vishikio vya waya, na hizo trimu uziache kwa ajili ya kuruka.

Kulabu ya kuvutia, inayoshika kamba ya kuipandishia ndege, ilifuata kitovu. Kijitabu kinaiweka milimita 10 mbele ya kitovu chake, nami nimetoboa tundu jipya kwenye kibao cha plaiwudi cha chini, milimita 9 mbele ya kitovu kipya. Ingebaki pale mbele, ndege ingepanda kwenye kamba kwa uvivu na kuachia chini. Ukiisogeza nyuma hadi ikaribie kitovu chenyewe, itapanda kwa wima inayofurahisha macho, kisha itayumba upande na kamba itaikokota. Kamba yangu ni ya kawaida, mita 30 za mpira na mita 120 za uzi, na kwa upepo mdogo inatosha kabisa.

Kutua ndiko kumekuwa kugumu zaidi, na anayetaka kuinunua ajue. Ndege hii haina breki za hewa, na ilipokuwa na pua nzito haikuzihitaji, ilikuwa inashuka kwa hiari yake. Sasa inaelea. Unaingia uwanjani ukidhani umelenga vizuri, nayo inapita mbele yako kwenye kimo cha goti na kuendelea. Kusukuma pua chini hakusaidii. Inageuza kimo kuwa kasi, na kasi ile inairudisha kwenye kuelea. Ingia chini zaidi na mbali zaidi, na uwe na uwanja mrefu. Kwa bawa la mita 2, breki mbili ndogo juu ya mabawa zingekuwa kazi ya jioni moja kwa mbunifu huyu, na sielewi kwa nini hakuziweka.

Kwa siku za upepo kuna kisanduku cha mzigo chini ya bawa, na hapa nilicheka peke yangu. Kinaweza kupokea vizito vya kuifikisha ndege gramu 1,200, kwa kasi ya ziada ya asilimia 18 hivi na mteremko ule ule wa kuelea, kwa kuwa kasi hukua kwa kipeuo cha pili cha uzito. Mzigo wa namna hii lazima ukae kwenye kitovu, usiisogeze ndege mbele wala nyuma. Nilipima katikati ya kisanduku: milimita 78 kutoka ukingo wa mbele. Anayefuata kijitabu akiujaza mzigo huo, kitovu chake kinarudi nyuma kwa milimita 4 bila yeye kujua, na trimu aliyoipata siku ya utulivu haimfai tena. Kwangu haikubadilika kitu.

Kwa mtu anayeanza kabisa, asiye na mwenzake wa kumshikia pasi, nisingeipendekeza. Seti ya povu itamvumilia zaidi. Kwa aliyekwisha kurusha kidogo na anayetaka kuelewa kwa nini ndege yake inafanya inachofanya, inunue. Plastiki ya kufunikia iache ndani ya sanduku, tafuta nyingine. Agiza pia bolti za nailoni za akiba: mkia umeshikwa na mbili, zimekusudiwa zikatike kabla ya mbao kuvunjika, na zinakatika kwelikweli.